Upande wa Kushoto ni Wangu

Jumatatu, 25 Novemba

Mzee Ntabaza ametangaza. Wiki ijayo anaacha kazi, anarudi Nkungu kwa ng'ombe wake. Miaka ishirini amekuwa chef, yaani mkuu, wa karakana ya koperative yetu hapa Kamembe, na miaka yote hiyo ufunguo wa stoo ya vifaa umening'inia shingoni mwake. Sasa atamkabidhi mtu mwingine. Mtu huyo ni mimi. Mzee bado hajajua, lakini atajua.

Niseme ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Uwera, mke wangu, anasema mwandiko wangu hata mimi mwenyewe unanishinda. Nautaka ufunguo ule kuliko kitu chochote. Nina miaka arobaini na minne. Kumi na tisa nimelala chini ya magari ya watu. Na bado wananiita Petit Latifu, Latifu mdogo, kwa sababu nilipoanza kazi kulikuwa na Latifu mwingine, mnene, ambaye alihama zamani za kale. Mwenye ufunguo haitwi Petit. Anaitwa Chef. Sokoni Chef, msikitini Chef. Nataka siku moja mtu aniite hivyo kutoka ng'ambo ya barabara, nisigeuke haraka, aniite mara ya pili.

Kikwazo ni kimoja: Damascène. Alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, akarudi huku, akaingia koperative miaka sita baada yangu. Anaimba kwaya kanisani kwao, na anaendelea kuimba akiwa kazini. Kila chuma anachofungua anakiosha kwa petroli, anakifuta, anakipanga juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa cheupe! Gereji!

Saa nne Maman Védastine akaleta tingatinga lake dogo juu ya lori. Ana biashara ya mchanga na mawe kule Nyakabuye, na mashine anaiendesha mwenyewe, kitenge kiunoni na buti miguuni. Ni tingatinga la aina ile isiyo na usukani. Lina vishikio viwili. Cha kushoto kinazungusha magurudumu mawili ya kushoto, cha kulia yale ya kulia. Sukuma vyote sawasawa, linakwenda mbele. Sukuma kimoja, linazunguka papo hapo. Kila upande una mota yake na sanduku lake la chuma, ndani cheni mbili zinaogelea kwenye mafuta. Cheni zimelegea pande zote, zinagonga sanduku mpaka unasikia ukiwa barabarani. Beringi nazo zimekwisha.

Maman Védastine analitaka Jumamosi asubuhi bila kukosa. Siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji. Ameahidi kijiji kizima kwamba atasukuma matope yaliyoziba njia ya kituo cha afya.

Mzee Ntabaza alikuwa anatafuna karanga. Akanitazama mimi, akamtazama Damascène. Akasema: "Nyiye babili. Kila muntu na upande yake. Siku ya Samedi nitaona."

Nikaelewa mara moja. Huu ni mtihani wa ufunguo! Nikapaza sauti kwamba upande wa kushoto ni wangu. Damascène akasema sawa, kwake ni mamoja. Kwa nini kushoto? Sijui. Lakini nilichagua kwanza, na Mzee aliona.

Jumanne, 26 Novemba

Nimeanza vibaya kidogo. Nilifungua kizibo cha chini cha sanduku ili nimwage mafuta machafu, kisha nikakumbuka kwamba beseni liko kwa Damascène. Mafuta hayangoji. Yalitoka yote, meusi, yamejaa unga wa chuma, yakatiririka taratibu hadi sehemu ya Iradukunda.

Iradukunda ndiye fundi wetu wa kuchomelea. Mama wa mapacha, maneno machache. Aliinua kofia yake ya kuchomelea, akatazama mafuta, akanitazama mimi, akaenda kuleta unga wa mbao.  Afadhali angenitukana.

Mchana nilitoa cheni zote mbili, nikatoa beringi. Nimefanya kazi safi. Damascène naye, nilichungulia, amefanya kazi safi. Hapo ndipo nikaona hatari. Tukimaliza wote vizuri, pande mbili zitafanana. Zikifanana, Mzee ataona nini cha kunichagua mimi? Atachagua kwa uimbaji?

Nimekaa kwenye ndoo nikafikiri mpaka chai ikapoa. Kisha wazo likaja lenyewe, nami nimelikaribisha kwa mikono miwili.

Mota inazungusha kigurudumu kidogo cha meno tunachokiita pinyo. Pinyo ndiyo inayovuta cheni, cheni zinavuta magurudumu. Pinyo ya tingatinga hili ina meno kumi na moja. Sasa, mtu akiweka yenye meno mengi zaidi? Cheni zitakimbia. Magurudumu ya kushoto yatachapuka. Yale ya kulia yataonekana yamechoka, yamekaa tu, yanasubiri kubebwa.

Nimelala nikicheka. Uwera amehamia upande wa ukutani.

Jumatano, 27 Novemba

Nimemwambia Mzee naenda Bugarama kutafuta grisi nzuri. Mzee akauliza, ya hapa Kamembe ina ubaya gani? Nikasema kwa mashine ya Maman Védastine sitaki mchezo. Akapenda jibu hilo, nadhani. Alikuwa na karanga mdomoni.

Kwa kweli huko nilikwenda kwa Muhigirwa, muuza vyuma chakavu. Uwanja wake una kila kitu kilichowahi kuzunguka duniani. Baada ya saa mbili za kupekua nikaipata: pinyo yenye meno kumi na tano, imetoka kwenye mashine kubwa zaidi. Tundu ni lile lile. Nilipima kwa uzi, mara tatu.

Muhigirwa akachukua pinyo yangu ya zamani, tukabadilishana. Akauliza ni ya mashine gani. Nikasema ya kusaga mahindi. Akasema hajawahi kuona kinu chenye haraka hivyo. Nikacheka naye, ili asiulize tena.

Nilirudi na pinyo ndani ya mfuko wa mchele wa Bugarama, mchele juu, pinyo chini. Uwera akafurahi kuona mchele. Akapika. Akaniuliza kwa nini unanuka mafuta ya gia. Kisha akanitazama usoni. "Weye Latifu," akasema, "ukifurahi hivi mi naogopa."

Wanawake hawana imani.

Alhamisi, 28 Novemba

Siku kubwa. Damascène aliondoka saa tisa kwenda mazoezi ya kwaya, nami nikatundika turubai kuzunguka upande wangu. Nikawaambia wenzangu ni kwa ajili ya vumbi.

Pinyo iliingia vizuri mno. Cheni ndiyo ilikataa. Meno yameongezeka, cheni haifiki. Nilivuta, nikatukana kwa heshima, nikavuta tena. Mwishowe nikaongeza kiungo kimoja kwa kila cheni na mambo yakakaa. Beringi mpya, mafuta mapya, mfuniko, boliti zote. Nitasema bila majivuno: ni kazi nzuri. Mwongo ni pinyo peke yake.

Iradukunda akapita. Akasimama kwenye upenyo wa turubai. Akauliza kwa nini nimebakiwa na pakiti ya viungo iliyofunguliwa, wakati cheni mpya zinakuja na urefu wake. Nikamwambia cheni za siku hizi hazieleweki. Akashusha kofia yake ya kuchomelea juu ya uso, ingawa hakuwa anachomelea.

Ijumaa, 29 Novemba

USHINDI!

Saa tatu asubuhi Maman Védastine alikuja kufanya majaribio. Mzee kwenye kiti chake. Sisi sote tumesimama. Mama akapanda, akawasha, akasukuma vishikio vyote viwili sawasawa, mbele kabisa.

Tingatinga likaondoka. Likakunja kulia. Likaendelea kukunja kulia, kwa utulivu, likapita juu ya kitambaa cheupe cha Damascène, likarudi lilikoanzia. Mama akajaribu tena. Likazunguka tena. Kushoto magurudumu yanakwenda kwa furaha, kulia yanajikokota. Kila mtu aliona!

Nikasema kwa sauti ya huruma kwamba inaonekana upande wa kulia umelemewa. Nikaongeza kwamba hutokea hata kwa mafundi wazuri. Maman Védastine akamgeukia Damascène, akamwambia yeye kesho haendi kucheza ngoma mbele ya batu ba kijiji, anakwenda kusukuma matope. Damascène aliinama. Aliokota kitambaa chake, kina alama ya tairi katikati.

Iradukunda akauliza, kama vile anajiuliza mwenyewe, je, ni kulia kunakochelewa au ni kushoto kunakokimbia? Nikamwambia kuna geti linamsubiri alichomelee.

Nikaenda kusali Ijumaa. Sikuomba mabaya kwa mtu. Niliomba ufunguo tu.

Niliporudi, Damascène alikuwa ameshafungua sanduku lake lote. Amekaa chini, anatazama cheni zake. Haimbi. Karakana bila kuimba kwake ina ukimya usiopendeza, sikujua. Niliona huruma. Nikanywa chai, huruma ikapungua.

Kisha akanijia. Akasema kwa unyenyekevu kwamba labda ni grisi. Wengine wanasema nilikwenda mbali kuitafuta. Niliipata wapi?

Nifanye nini? Mzee alikuwa hapo hapo, anasikia. Nikasema: Bugarama, kwa Muhigirwa. Akanishukuru. Akaniita ndugu yangu. Saa nane alishaondoka, na kabla ya jua kuzama alikuwa amerudi, anafunga boliti zake. Anaimba, lakini polepole.

Maskini. Grisi haitamsaidia.

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika nikiwa na malengelenge mikononi. Nitayaeleza.

Saa mbili asubuhi, tulipofika Nyakabuye, kijiji kizima kilikuwa njiani, majembe na makoleo begani. Matope yamekaa kwenye njia ya kituo cha afya tangu mvua ya wiki iliyopita, yanafika kiunoni. Wiki nzima wagonjwa wanabebwa kwa kupitia shamba la watu. Mkuu wa kijiji akatangaza kwamba leo majembe yapumzike kidogo, Maman Védastine ameleta mashine. Makofi. Nikajisogeza karibu na Mzee Ntabaza ili tingatinga likianza kuzunguka niwe tayari kusikitika.

Mama akasukuma vishikio. Tingatinga likaenda mbele. Moja kwa moja! Halikukunja kulia wala kushoto. Lilikwenda limenyooka na lilikwenda mbio, sijawahi kuona tingatinga likienda hivyo. Watu wakaruka pembeni. Wengine wakashangilia. Nikamtazama Damascène. Alikuwa anatazama mawingu.

Kijiko kikaingia kwenye matope. Likasimama.

Injini ikalia, magurudumu hayakuzunguka hata robo. Mama akarudi nyuma mbio, akaja tena mbio, likagonga, likasimama. Mara ya tatu. Mara ya sita. Mbio, halafu pu, halafu kimya. Matope hayakusogea. Halina nguvu! Lina haraka tu, nguvu imekwenda wapi?

Mama akazima. Akashuka na buti zake. Akasema: "Nilibaletea tingatinga, munanirudishia pikipiki!"

Mzee Ntabaza akasogea. Aliomba bisibisi na spana. Akafungua mfuniko wa sanduku la kushoto, akainama, akaanza kuhesabu meno ya pinyo kwa ncha ya bisibisi. Alihesabu kwa sauti. Watu wa umuganda wanapenda kufanya jambo pamoja. Wakahesabu naye. Moja! Mbili! Tatu! Walipofika kumi na moja Mzee hakusimama, na mimi nikatamani ardhi ya Rusizi inifunike. Kumi na nne! Kumi na tano! Makofi.

Akahamia upande wa kulia. Nikajua basi, sasa nimekwisha, huku yatakuwa kumi na moja na kila mtu ataona tofauti. Moja! Mbili! Kumi! Kumi na moja! Kumi na mbili!

Nikageuka.

Kumi na tano.

Mzee akafuta bisibisi kwenye suruali yake. Akasema meno yakiongezeka mbio inapanda na nguvu inashuka, hilo alitufundisha sisi wote wawili mwaka wa kwanza, akiwa ameshika baiskeli. Kisha akachukua koleo, mzee wa miaka sabini na mguu mbovu, akaanza kuchota matope. Tukachota wote. Mimi na Damascène tuliwekwa mbele, palipo na maji. Tulimaliza saa saba badala ya saa tano. Mama mmoja mjamzito alikuwa anasubiri ng'ambo ili apite. Aliposogea akanishukuru kwa kazi.  Niliona aibu ya kweli, ile inayowasha masikio.

Jumapili, 1 Desemba

Amri ya Mzee: pinyo za zamani zirudi kesho, na tubadilishane. Mimi nirekebishe upande wa Damascène, yeye arekebishe wangu. Iradukunda atakagua.

Pinyo yangu iko kwa Muhigirwa. Nikaenda. Akasema atanirudishia kwa sharti moja, nimtengenezee kwanza mashine yake ya kusaga mahindi, kwa kuwa mimi ni mtaalamu wa vinu. Nimetengeneza kinu kuanzia saa tatu hadi saa kumi. Nimerudi mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu. Uwera alinifungulia mlango. Alinipa maji ya kuoga, akakaa nje na jirani, nikawasikia wanacheka.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimefungua sanduku la Damascène. Sitaki kuandika hili lakini nitaandika. Nilipekua nikitafuta kosa, sikulipata. Kila boliti ina alama ndogo ya rangi ili aone kama imelegea. Beringi zimekaa kimya. Na pinyo yake ya zamani hakuitupa. Ilikuwa kwenye kopo, imepakwa grisi, imefungwa kitambaa, imeandikwa KULIA. Nikaishika mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Yeye alikuwa upande wa pili, kichwa ndani ya sanduku langu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema alikwenda kununua grisi, Muhigirwa akacheka, akamwambia yeye hauzi grisi, mwenzake alichukua pinyo, na ya pili ndiyo hii. Akaelewa kila kitu. Angeweza kuja kusema kwa Mzee. Hakusema. Aliinunua.

Kisha akasema, bila kutoa kichwa: "Kule Bukavu balikuwa bananiita Munyarwanda. Huku bananiita Mukongomani. Nilitaka baniite Chef, basi."

 Nikampa spana ya kumi na saba kabla hajaiomba. Tukafunga masanduku yote mawili. Iradukunda akahesabu meno, akapima cheni kwa kidole, akatikisa magurudumu, akasaini. Tingatinga likaenda mbele polepole, limenyooka, likasukuma lile lundo la kokoto nyuma ya karakana kana kwamba ni pamba. Maman Védastine akaondoka bila kutuaga sisi wawili.

Saa kumi Mzee Ntabaza akavua ufunguo shingoni. Tukasimama wima, mimi na Damascène, bega kwa bega. Akatupita. Akamvisha Iradukunda.

Akasema katika wiki nzima huyu peke yake aliuliza swali la maana. Akampa mkono kila mtu, akachukua mfuko wake wa karanga, akaenda kupanda basi la Nkungu. Niliumia. Naliandika lilivyo: niliumia sana. Iradukunda akanijia, akasema, "Papa Latifu, kesho saa moja." Papa Latifu! Miaka kumi na tisa hakuna aliyeniita hivyo pale. Nikamjibu, ndiyo, Chef. Neno lilitoka bila shida, jambo lililonishangaza.

Nimejifunza. Mtu akifanya kazi yake kwa uaminifu anatosha. Kuanzia leo mimi ni mtu mpya.

Jumanne, 3 Desemba

Chef Iradukunda ameitisha mkutano. Anahitaji msaidizi. Msaidizi naye atakuwa na ufunguo, wa kabati dogo, lakini ni ufunguo.

Ameleta minibasi ya Nyakabuye, breki za mbele zimekwisha. Gurudumu moja kwangu, moja kwa Damascène, na kesho ataangalia. Nikawahi kusema: kushoto! Damascène akanipa mkono, akasema safari hii tufanye kiume, bila ujanja. Nikamwambia bila ujanja, ndugu yangu. Niliguswa.

Mchana nimezunguka Kamembe yote. Nimegundua kosa langu la wiki iliyopita lilikuwa wapi: niliacha pinyo moja dukani. Leo sikuacha kitu. Viatu vya breki vya minibasi hiyo nimevibeba vyote vilivyokuwepo mjini, viko chini ya kitanda. Damascène itabidi arudishe vile vile vilivyochakaa, avioshe na petroli yake. Gurudumu langu litashika breki vizuri ajabu. Lake halitashika hata kidogo. Kila mtu ataona tofauti!

Majaribio ni kesho saa tatu, kwenye mteremko wa kushuka ziwani. Chef anasema atatupandisha sote wawili. Nimeomba kukaa mbele.